Ufunguo wa Duka ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), Mwenye kuruzuku, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyejulikana sokoni kwa uaminifu wake kabla hajapewa utume. Amma baad.

Wiki hii napenda tuzungumze jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi huzungumzwa matangani tu, wakati limekwisha haribika: namna mwenye biashara anavyotoka katika biashara yake, na namna anavyoishi baada ya kutoka.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, watu wakiwa wamekwisha tawanyika, alinijia mzee mmoja muuza leso wa hapa Mombasa. Aliketi kando yangu, akatoa mfukoni mwa kanzu shada la funguo, akaliweka juu ya mkeka baina yetu. Akasema: "Sheikh, miguu hainichukui tena, na macho yamekuwa mazito. Wanangu wananiambia nipumzike. Lakini nikiziweka funguo hizi chini, mimi nitakuwa nani? Tangu mwaka 1979 watu hawaniiti kwa jina langu, wananiita kwa jina la duka."

Sikuwa na jawabu la papo hapo. Nilimwambia tuonane Ijumaa. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nikamkumbuka jirani yangu mmoja marehemu, Allah amrehemu, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa heri, mwepesi wa kukopesha, na hesabu zake zote aliziweka kichwani. Aliondoka duniani usiku mmoja bila ya kuugua. Mkewe akaingia eda, miezi minne na siku kumi, na tangu wiki ya kwanza mlango wake ulikuwa ukibishwa. Huyu adai saruji aliyoilipia na hajachukuliwa, yule adai mbao, mwingine adai fedha za mkono kwa mkono. Wale waliokuwa wakidaiwa na marehemu hawakuja hata mmoja. Bibi yule hakujua aamini nani. Na katika mtaji wa duka lile mlikuwamo bangili zake sita za dhahabu, alizozitoa ujanani ili mumewe aongeze mzigo. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Zilipohesabiwa mali, bangili zile zilihesabiwa kuwa ni mali ya marehemu, naye akapewa fungu lake la mjane, basi.

Ndugu zangu, kila mwenye duka atatoka dukani. Hilo halina mjadala. La kuchagua ni moja tu: ama atatoka kwa miguu yake, akiwa na akili timamu na ulimi wa kusema hili ni langu na hili si langu, ama atatolewa, na wengine wabaki kukisia. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kuwa inayopotea mwanzo huwa ni haki ya mwanamke na ya mayatima, kwa sababu wao ndio walio mbali zaidi na meza ya hesabu.

Basi nilipoonana na mzee yule Ijumaa, tuliyapitia mambo haya moja baada ya moja, nami nayaleta kwenu kama tulivyoyazungumza.

Jambo la kwanza ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya madeni: imeamrisha kuyaandika na kuyashuhudilia, ndogo na kubwa. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia hapaswi kupitisha masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa na uko naye. Chukua daftari moja, andika mambo manne: unaodaiwa, unaowadai, amana za watu zilizoko kwako, na mahali zilipo karatasi zote. Karatasi ni nyingi kuliko tunavyodhani: mkataba wa pango, leseni ya kaunti, hati za ushuru, vitabu vya benki, na namba ya kupokelea malipo kwa M-Pesa. Mara nyingi namba ile imeandikishwa kwa jina la mzee peke yake, na akifariki, fedha zilizomo hazitoki kwa wepesi. Na ikiwa duka limo ndani ya jengo la wakfu, kama yalivyo maduka mengi ya mji wetu, andika wazi kuwa wewe ni mpangaji. Wakfu hauuzwi, wala haurithiwi na watoto wa mpangaji.

Jambo la pili ni kupambanua mali ya nani ni ipi. Mwanamke katika Uislamu ana mali yake mwenyewe, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake. Dhahabu aliyoitoa mkeo kutia dukani imekuwa nini? Ikiwa ni mkopo, basi ni deni lililo shingoni mwako na hulipwa kabla ya mirathi. Ikiwa ni ushirika, basi ana sehemu yake katika duka na katika faida. Ikiwa ni zawadi, na aseme mwenyewe kwa ulimi wake mbele ya mashahidi. Mahari ambayo hujaimaliza nayo ni deni, hata kama mumekaa pamoja miaka arubaini na hakuna aliyeitaja.

Vilevile yuko kijana aliyeacha masomo akaja kusimama dukani na babake. Amefanya kazi miaka kumi na mitano, akipewa nauli na pesa ya sikukuu. Yeye ni mwajiriwa asiyelipwa, ni mshirika, au ni mtoto anayemsaidia mzazi? Baba akiwa hai, swali hili hujibiwa kwa kikao kimoja cha kahawa. Baba akifa, kijana atasema duka ni jasho langu, nduguze watasema duka ni la baba, na kila mmoja atakuwa na sehemu ya ukweli. Mpe ujira wake au mwandikie ushirika wake leo.

Jambo la tatu ni dhima mbele ya Allah na mbele ya wafanyakazi. Bidhaa za biashara zina zaka. Mwaka unapotimia, mwenye duka hukisia thamani ya bidhaa kwa bei ya siku hiyo, akajumlisha na fedha alizonazo, na zikifika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutoa asilimia mbili na nusu. Wengi wetu tumekuwa tukitoa kwa kukadiria, mkono ukiingia mtungini bila ya kuhesabu, huku mfungo wa Ramadhani umekaribia. Anayejiandaa kutoka na akae na mtu wa elimu, ahesabu miaka iliyopita, alipe iliyosalia. Zaka isiyotolewa ni deni linalomfuata mtu kaburini.

Na msisahau yule anayefungua mlango asubuhi na kubeba marobota mgongoni. Ikiwa unafunga duka na humhitaji tena, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe ilani ya mwezi mmoja na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Aliyekutumikia miaka ishirini anastahili mshahara wa siku 300. Mzee wangu alishtuka nilipomtajia hesabu hiyo. Nikamwambia, afadhali ushtuke hapa mkekani kuliko kushtuka Siku ya Hesabu.

Jambo la nne ni kuchagua njia ya kutokea, nazo ni tatu: kufunga, kuuza, au kumkabidhi mtu wa nyumbani.

Kufunga si aibu. Biashara nyingine ni za zama zake. Anayefunga huacha kuagiza mzigo mpya, akamaliza uliopo polepole, akadai madeni yake kwa upole akiwa bado ana haiba ya kudai. Mtu humlipa mzee aliye dukani upesi kuliko atakavyomlipa mjane wake.

Anayeuza na ahesabu vitu mbalimbali: bidhaa, makabati na vyombo, kisha jina na wateja, ile thamani wafanyabiashara wanayoiita gudwili. Madeni yaliyo kwa watu usiyatie ndani ya bei, yakusanye mwenyewe, kwani kuuza deni la fedha kwa fedha pungufu kunakaribia riba. Ukimuuzia mtu kwa malipo ya awamu, bei iwe moja na inayojulikana, wala isiongezwe kwa sababu amechelewa.

Njia ya tatu ndiyo tuipendayo, nayo ndiyo yenye miiba. Natoa mfano wa hesabu ili tuelewane. Mtu amefariki na duka lililobaki, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, lina thamani ya shilingi 2,400,000. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike, na wazazi wake walikwisha tangulia. Mke ana thumni, yaani shilingi 300,000. Zinazobaki 2,100,000 hugawanywa mafungu sita: kila mwana wa kiume mafungu mawili, shilingi 700,000, na kila binti fungu moja, shilingi 350,000. Hesabu imekamilika na haki imesimama. Lakini duka halikatwi kama mkate. Mwana mmoja anataka kuendesha, mwingine yuko Ughaibuni anataka fedha, binti mmoja ana ada za shule za kulipa. Asipopatikana wa kuwanunua wenziwe, duka huuzwa kwa haraka na kwa bei ya kutupa, au hukaliwa na mmoja huku wengine wakila ahadi. Ndugu huanza kwa kutosalimiana, kisha hukutana mbele ya Kadhi, ambaye Katiba ya 2010, ibara ya 170, imempa mamlaka ya kuamua mambo haya baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Mahakama ya Kadhi ni rehema kwetu. Lakini Kadhi hutoa hukumu kwa ushahidi aliouona, na aliyekuwa na ushahidi wote yuko chini ya udongo.

Kwa hivyo baba akiwa hai na awaite wote, wake kwa waume, aulize nani ana hamu na nani ana uwezo. Asidhani kuwa mwana wa kiume mkubwa ndiye mrithi wa kiti. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa na biashara yake, na ni yeye aliyemwajiri Mtume (S.A.W.) kuipeleka Sham. Huenda binti aliyekuwa akiandika hesabu nyumbani ndiye mwenye jicho la biashara. Akishapatikana, akubaliwe kuwanunua wenziwe taratibu, kwa maandishi.

Na kama mzazi ataka kutoa hiba, na ajue sharti zake. Hiba haitimii mpaka aliyepewa aipokee na kuishika. Kuandika duka kwa jina la mwana kisha baba akaendelea kushika ufunguo na fedha ni kuacha fumbo. Hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huchukua hukumu ya wasia, na wasia hauvuki thuluthi, wala hauwi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka alitaka kuusia thuluthi mbili za mali yake, kisha nusu, Mtume (S.A.W.) akamzuia mpaka ikafika thuluthi, akamjulisha kuwa hata hiyo ni nyingi. Na katika kuwapa watoto, kumbukeni kisa cha Nuuman bin Bashir (R.A.). Babake alimpa zawadi, na mamake, Amra bint Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume (S.A.W.) aishuhudie. Mtume akauliza kama watoto wote wamepewa mfano wa hiyo. Alipojibiwa la, alikataa kuwa shahidi. Angalieni hekima ya mama yule: alitaka shahidi, na kwa kutaka shahidi dhuluma ikajulikana mapema.

Jambo la tano ni riziki ya mzee baada ya kutoka. Wengi hawaachi ufunguo kwa sababu hiyo hasa: wanaogopa kunyoosha mkono kwa watoto. Sheria yetu imeweka milango. Ukiwa na jengo, pangisha, na kodi maalumu ya kila mwezi ni halali. Ukiwa na mtaji, mpe anayeendesha kwa njia ya mudharaba: mtaji wako, kazi yake, na faida mgawane kwa sehemu mliyokubaliana, nusu kwa nusu au thuluthi kwa thuluthi mbili. Hasara ikitokea bila ya uzembe wake, wewe umepoteza mtaji naye amepoteza jasho lake. Lisilofaa ni kumwambia mwanao: niletee shilingi 30,000 kila mwezi, duka lipate lisipate. Hapo umetoka katika biashara ukaingia katika dhuluma, hata kama mdaiwa ni mtoto wako.

Makabidhiano yenyewe yawe kwa vipindi. Mwaka wa kwanza mwachie kuagiza mzigo. Wa pili mwachie kukopesha na kudai. Wa tatu mwachie fedha, nawe uende dukani siku moja kwa wiki, na ukienda, ketia kiti cha wageni. Jambo hili ni dogo kulitamka na zito kulitenda. Kijana hawezi kujifunza kuamua huku babake akimsahihisha mbele ya wateja.

Jambo la sita ndilo lile swali la mzee: nitakuwa nani? Kuna mama mmoja alimwambia mke wangu: "Mwombe Sheikh amshauri mume wangu arudi dukani. Tangu apumzike anahesabu vitunguu jikoni, na kila sufuria ina neno." Tulicheka, lakini ndani yake mna funzo. Mtu aliyeamrisha miaka arubaini hawezi kuamka siku moja akawa hana la kufanya, kisha nyumba isitikisike. Nyumba ile ina mwenyewe, na taratibu zake zilikuwapo wakati yeye yuko kazini. Mume na mke na wakae wapange siku yao upya kabla ya siku kufika: saa zipi ni za kila mmoja peke yake, zipi ni za pamoja, na gharama za nyumba zitapungua wapi.

Kisha mzee na ajipe kazi yenye saa maalumu. Madrasa zetu nyingi zina walimu wazuri na hesabu mbovu, na muuza duka mstaafu akiwapa asubuhi mbili kwa wiki, amewafaa kuliko mchango wa fedha. Misikiti inahitaji wasuluhishi wa madeni wanaojua soko. Vijana wanaoanza biashara wanahitaji mtu wa kuwaambia ni muuzaji gani wa jumla atawapotosha. Iko Qur'ani ambayo kwa miaka mingi tumeisoma kwa haraka baina ya wateja. Kuna jamaa wa Lamu, Malindi na Vanga ambao tumeonana nao mazikoni tu. Na Hija, kama haijatekelezwa na uwezo upo, isingojee miguu iishe.

Neno langu la mwisho ni kwenu, akina mama. Ulizeni. Kumuuliza mume liko wapi daftari si kumtakia kifo wala si tamaa. Ni kumsaidia kuitua amana mabegani mwake. Chagua wakati wa utulivu, baada ya chakula, useme naye kwa adabu: "Baba watoto, Allah akupe umri mrefu, nionyeshe tunaodaiwa na tunaowadai." Na ninyi mnaouza mahamri na viazi karai, mnaoshona mabuibui, mnaoendesha vyama vya kuweka akiba, ninyi pia ni wenye biashara. Andikeni yenu, na mjue nani atashika mwiko siku mikono itakapochoka.

Mzee wangu alirudi tena baada ya muda. Safari hii shada la funguo lilikuwa na ufunguo mmoja pungufu, ule wa sanduku la fedha. Alikuwa amempa binti yake wa pili, na ndugu zake wote wametia sahihi. Kuhusu swali lake, aliniambia kuwa kijana mmoja pale mskitini alikuwa amemwomba ushauri wa kukata hesabu, na alipokuwa akiondoka akamwita kwa jina lake, jina alilopewa na mamake. Akatabasamu, akasema alikuwa amelisahau mlio wake.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atutoe katika mali zetu tukiwa hatuna deni la mja shingoni, atupe warithi wema, na alifanye bora la umri wetu kuwa mwisho wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.